Fundi Aliyeuliza Tunapika Nini

Kabla hujamweleza shida yako, alikuwa anakuuliza unapika nini. Hakuuliza jina lako wala unatoka wapi, na katika mji wetu mtu asiyekuuliza unatoka wapi huwezi kumsahau. Alitaka kujua tu kilichomo kwenye sufuria.

Mimi nilimfikia na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na rezistansi ya resho, jiko la umeme la mama yangu: ule waya uliozungushwa kama springi, ambao umeme ukipita huwa mwekundu na kuivisha chakula. Ulikuwa umekatika mara tatu, na mara tatu tulikuwa tumefanya wanachofanya watu wote wa Goma: tulivuta zile ncha mbili, tukazinasa kama vidole viwili, tukaendelea kupika. Kila ukinaswa hivyo waya unakuwa mfupi zaidi, na waya mfupi hunywa umeme mwingi zaidi, kwa hiyo hukatika upesi zaidi. Nilikuwa na diploma ya umeme, bado inanuka wino. Hesabu ya jambo hilo niliijua vizuri sana. Na mara ya tatu aliyenasa ni mimi.

"Unapikaka nini?" aliniuliza.

Nilidhani ni mtego. Nikajibu kwamba ni resho ya wati elfu moja.

"Sikuuliza resho. Nimeuliza sufuria."

Nikasema maharage, mara nyingi, na sombe, majani ya muhogo, siku ya Jumapili. Akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyesikia anachokingoja, akanyoosha mkono kwenye moja ya makopo yake matatu ya maziwa ya unga. Nikabaki nimesimama, najiuliza kwa nini lile na si jingine. Miaka miwili baadaye nilikuwa bado najiuliza, safari hii nimekaa kwenye kigoda upande wa pili wa meza yake, kwa sababu barua zangu zote za kuomba kazi zilikuwa zimemezwa na ofisi za watu, na yeye hakuwahi kuniambia niondoke.

Karakana yake ilikuwa Murara, chumba cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Kila mtu alimwita Muzee, nami nitamwita hivyo hivyo. Mimi aliniita Enjenieri. Mwanzoni ilikuwa dhihaka. Baadaye sikujua tena ilikuwa nini, na nilitumia muda mwingi kulifikiria hilo kuliko inavyofaa.

Alinifundisha mkono. Alinifundisha kuzungusha waya kwenye spoku ya baiskeli, mizunguko imebanana kama punje za mahindi, kisha kuuvuta polepole mpaka mizunguko iachane sawasawa, kwa maana mahali inapogusana ndipo moto hukusanyika na ndipo waya hufia. Alinifundisha kuacha miguu miwili mirefu ya kufungia skrubu. Alinifundisha kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kazi iliyokwisha, nikisikiliza trr, trr, trr, mpaka ukucha ukwame palipo na kosa. Jambo moja tu hakunipa, nalo ndilo nililolitaka. Hakuniruhusu kuchagua waya.

"Mukono utapata," alisema. "Kuchagua, bado."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi ni mtu wa kusimama sokoni mbele ya nyanya mpaka mama anayeuza anasahau nimefuata nini. Niliamini kwamba siku nitakapofungua kopo mwenyewe, nikatoa waya bila kumwangalia, nitakuwa mtu mwingine. Niliamini pia kwamba siku hiyo haitafika.

Makopo yalikuwa matatu, nimesema. La kwanza lilikuwa na waya mnene wa resho. La pili lilikuwa na waya wa kati, ambao aliutoa ndani ya seshwari zilizokufa, zile za kukaushia nywele saluni. La tatu lilikuwa na waya wa vyuma vya kulehemu redio, mwembamba kama unywele, ambao hakuutumia karibu kamwe lakini aliupenda. Aliweza kuushika kwenye mwanga na kuutazama tu.

Makopo hayo ndiyo aliyokimbia nayo volkano ile ya kwanza iliposhuka mjini, mimi nikiwa sijajua kutembea. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alipenda kusimulia. Moto ulikuwa unateremka barabara kubwa, watu wanabeba magodoro, watoto, mbuzi. Yeye alimwambia mumewe achukue picha yao ya harusi. Akamkuta ng'ambo ya mpaka amekumbatia makopo matatu, na picha imebaki ukutani, na ukuta uko chini ya jiwe mpaka leo. Alimuuliza: sasa wajukuu watajuaje kwamba nilikuwa muzuri? Muzee akajibu kwamba wajukuu watataka kula kwanza.

"Na sijamusamehe," Mama alimaliza kila mara, akimpa kikombe.

Volkano ya pili, tulipoambiwa sote tuondoke asubuhi, nilimwona kwa macho yangu kwenye barabara ya Sake, katikati ya umati, makopo yamefungwa kwenye kitenge mgongoni kama mtoto mchanga. Safari hiyo Mama alikuwa amebeba mwenyewe kila alichokitaka.

Umeme wenyewe alikuwa na namna yake ya kuupima. Mimi nilikuwa na mita. Yeye alikuwa na ampuli moja, balbu ya taa, aliyoitembeza mfukoni mwa koti imefungwa soksi. Akipita mtaani alikuwa anaomba kuingia kwa watu, anaifunga kwenye soketi yao, anatazama rangi. Huko umeme ni mweupe, alisema. Huku ni rangi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kasiksi yenyewe ya jana. Alijua avenue zote hivyo, na saa ambazo kila moja huchoka.

Nilipuuza. Siku moja alikuwa kwenye mazishi, na mama mmoja wa Birere anayeuza maharage yaliyoiva akaleta resho. Nikaona Mungu amenipa nafasi. Nilichukua karatasi, nikaandika volti mia mbili na ishirini, nikagawanya, nikapima urefu wa waya kwa rula. Ilikuwa rezistansi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzungusha. Siku ya nne yule mama alirudi na sufuria yenyewe, ameibeba kichwani, na kuiweka mezani. Maharage yalikuwa magumu kama kokoto. Muzee alionja moja. Akaomba karatasi yangu, akaisoma yote, na alikuwa anasoma polepole.

"Hii umeme ya kitabu," akasema, "inakaaka avenue gani?"

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Lakini ilikuwa kweli kwamba kule Birere, kila mtu akiwa amewasha resho, zile volti zangu zilikuwa zimeliwa njiani kabla hazijamfikia.

Kila kazi aliifanya mara mbili. Waya mmoja uliingia kwenye resho, wa pili, pacha wake, akautundika kwenye msumari ukutani, ili siku ya kukatika mteja asingoje. Kwenye kila pacha alifunga kikaratasi, na kwenye kikaratasi hakuandika wati wala jina la mwenye mali. Aliandika chakula na mahali. Maharage, Birere. Chai, Katindo. Uji wa wagonjwa, Munigi. Ukuta wake ulikuwa kama orodha ya chakula ya mji mzima, na mimi asubuhi nikifika bila kula nilikuwa naepuka kuutazama.

Kulikuwa na kikaratasi kimoja kilichosema: Nyama, kambini. Hicho kina habari yake. Katika mojawapo ya miaka ile ya waasi, mpishi wa kamanda fulani alikuja na resho kubwa ya midomo miwili, na bunduki begani, akataka rezistansi yenye nguvu kuliko zote. Muzee akamuuliza anapika nini. Mpishi akasema hiyo haimuhusu. Sasa, Muzee alikuwa mtu wa milima ya Masisi, wa kwao ni wafugaji, na ng'ombe wa wengi wa kwao walikuwa wamechukuliwa na watu wenye bunduki wa kila rangi. Alisema bila kuinua macho:

"Kama ni ng'ombe ya watu, inatakaka moto polepole. Ikipikwa haraka inakataa."

Haya nilisimuliwa na Mama, aliyekuwa mlangoni na beseni la nguo. Anasema alihesabu vibanio vya nguo ili asipige kelele. Mpishi alimtazama Muzee kwa muda mrefu. Kisha akasema, kama anayeungama, kwamba kweli nyama yao inakuwa ngumu kila siku na kamanda anamtukana. Akapewa waya mnene, mizunguko imeachana sana. Miaka ikapita, waasi hao wakaondoka, wakaja wengine, na siku moja resho ile ile ya midomo miwili ikarudi kwenye meza, mikononi mwa mtu mwingine mwenye magwanda mengine. Muzee alinyoosha mkono ukutani. Akatoa pacha kwenye msumari, na jioni akatundika mwingine.

Mtu huyo aliyejua moto wa kila jiko, kwake walipika kwa makala, yaani makaa. Hakukuwa na resho nyumbani. Macho ya Mama yalikuwa mekundu kwa moshi, na alikuwa akiwaambia wateja, Muzee anasikia, kwamba ameolewa na mchungaji asiyesali. Nilimuuliza Muzee kwa nini. Alisema Mama hapiki kitu kimoja siku mbili mfululizo, sasa atamchagulia waya gani? Sikujua kama ni mzaha. Nafikiri hakuwa tayari kukosea kwa mtu huyo.

Maana kwa watu aliowaheshimu alikuwa na desturi yake. Hao hakuwafanyia waya mmoja. Alichukua nyuzi mbili, akafunga ncha kwenye msumari, akazisokota pamoja kama kamba, ndipo akazungusha. Ni kazi ndefu, inakula waya maradufu na zaidi, lakini uzi mmoja ukikatika wa pili unabeba, na chakula hakilali kibichi. Alimfanyia mchungaji wake, mama mkwe wake, na mjane wa Munigi ambaye hakuwahi kuniambia ni nani kwake. "Mutu unayemupenda," aliniambia, "musokotee mbili." Nilikitazama kikaratasi cha maharage ya mama yangu, pale juu kabisa. Ulikuwa waya mmoja. Niliwaza sana kuhusu hilo.

Na alivuta sigara. Alivuta kwa namna moja tu: rezistansi ikiwa kwenye majaribio, nyekundu mbele yake, aliinama na sigara mdomoni mpaka ncha ikagusa, akavuta kidogo, taratibu, moshi ukakaa mdomoni kwanza kabla hajaumeza. Hakuwa na kiberiti maisha yake yote. Kikohozi chake tulikisikia kabla hajakunja kona. Kisha kikohozi kikashuka chini zaidi, kikaanza kumsimamisha njiani, na daktari wa zahanati akamwambia mapafu yake hayana nafasi tena ya moshi. Muzee akamwapia Mama mbele ya mchungaji. Siku tatu baadaye nikaona sigara nyuma ya sikio lake.

Binti yao anayeishi Kampala ndiye aliyetuma kile kifaa. Ni kijiti cha chuma chenye betri, na ndani yake kuna rezistansi ndogo kuliko ukucha, iliyopitishiwa pamba yenye maji matamu. Ukibonyeza, waya unapata moto, maji yanakuwa mvuke, unavuta mvuke badala ya moshi. Daktari alisema si dawa, lakini kwa mtu aliyeshindwa kuacha ni afadhali kuliko sigara. Muzee alikifungua kabla hajakivuta. Alikaa na lenzi jichoni asubuhi nzima, na nilimwona anatabasamu.

"Enjenieri, angalia. Ni resho. Ni resho ya mufukoni."

Sigara ikaisha. Ilikuwa kama kwamba hakukubali kuacha kwa ajili ya mapafu, lakini alikubali kwa ajili ya ile rezistansi. Binti alikuwa amemtumia pia vichwa vya akiba, ile sehemu yenye rezistansi, maana kila kimoja huungua baada ya wiki kadhaa.

Halafu mji ukachukuliwa tena na watu wenye bunduki. Sitasimulia siku zile. Uwanja wa ndege ukafungwa, mizigo haikufika, watu wa kambi za Mugunga wakaambiwa watoke na kurudi vijijini, na mimi nikakaa ndani kwa mama yangu nikipima kila safari kabla ya kuifanya, mpaka hakuna niliyoifanya. Kutoka kwetu hadi kwa Muzee ni dakika ishirini kwa miguu. Niliziogopa kwa miezi mitatu. Kila jioni nilijiambia kwamba kesho, na kila kesho niliona sababu nne.

Aliyenitoa ni Mama, mke wa Muzee, kwa simu.

"Kichwa cha mwisho kimeungua," alisema. "Tangu jana anavuta hewa yenye kunuka majivu. Na leo nimekuta sigara mbili ndani ya soksi ya ampuli. Bado nzima. Kuja, mwana wangu."

Nilikwenda. Nilimkuta karakanani, mlango wazi, mwanga wa saa nne umejaa mezani. Alikuwa amekonda. Kifaa kilikuwa kimefunguliwa mbele yake vipande vipande, na pembeni kulikuwa na rezistansi tano au sita zilizopinda, alizojaribu. Hakuweza tena. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na wingu, na mkono ulitetemeka. Kwenye waya wa resho mtetemeko huo usingeonekana. Hapa ulikuwa mkubwa kuliko kazi yenyewe. Alinisikia kabla ya kuniona.

"Enjenieri. Ulikuwa unafanya hesabu?"

"Ndiyo, Muzee. Ya kuja."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikamshika mpaka Mama akaja kumshika bega. Kilipoisha, alisukuma makopo yote matatu upande wangu wa meza. Zile sigara mbili Mama alikuwa ameziweka dirishani, hazikufichwa, na sote watatu tulijua ziko pale.

"Chagua," alisema.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka miwili, na ilipofika nilitaka mtu mwingine aichukue. Nilitazama kopo la kwanza, nikatazama la tatu. Mkono wangu ulikuwa hewani. Ndipo nikafanya kitu ambacho sikukipanga, nikamuuliza.

"Muzee, unavutaka namna gani?"

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu cha namna hiyo kwenye meza ile. Akasema polepole. Kidogo kidogo. Inakaa mdomoni kwanza. Nikamuuliza betri anaichajia wapi, akasema kwa kijana mwenye sola kwenye kona, na kwamba siku hizi haimalizi siku. Niliomba ile ampuli nikakumbuka kwamba haifai kwa betri, nikachukua mita yangu. Betri ilikuwa imechoka kama Birere saa ya kupika.

Sasa nilijua, na nilichokijua hakikunipendeza. Moyo wangu ulitaka kumsokotea nyuzi mbili. Huyu, kama si huyu, basi nani? Lakini nyuzi mbili kwenye kitu kidogo vile, pasipo nafasi ya kurefusha, zingekunywa betri ile iliyochoka mpaka ipate moto yenyewe mkononi mwake, na mvuke ungekuja wote kwa mkupuo, kwenye kifua kile. Waya wa unywele ungekuwa mzito kuamka. Uliofaa ulikuwa wa seshwari, uzi mmoja, mizunguko saba, imeachana, pamba ipite bila kubanwa. Kwa mara ya kwanza kitabu na avenue vilikuwa vinasema kitu kimoja. Nikafungua kopo la kati.

Nilizungusha kwenye sindano ya Mama ya kushonea magunia. Nilikata miguu, nikavuta, nikafunga skrubu. Kabla sijatia pamba alinyoosha mkono, nikampa. Akapitisha ukucha. Trr. Mtetemeko ulitulia kidogo alipoanza kuhesabu. Akarudia tena, polepole zaidi, na nikajua anatafuta nini.

"Uzi mumoja," alisema.

"Ndiyo, Muzee. Mumoja."

Nilitaka kumweleza betri, joto, mkupuo. Nilikuwa na sentensi sita tayari. Mama alikuwa ananitazama, nami nikazimeza. Alikaa na kile kitu kwenye kiganja muda ambao chai ingechemka. Kisha akanirudishia.

"Tia pamba."

Desturi yake ilikuwa kwamba fundi hajaribu, mteja ndiye anayejaribu, mbele ya fundi, kwa sufuria yake mwenyewe. Kwa hiyo nikamkabidhi. Akabonyeza. Waya ukalia kidogo sana, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Akavuta kidogo, taratibu, ukakaa mdomoni, akaumeza. Mama alikuwa amekamata fremu ya mlango. Tulingoja kikohozi kama watu wanaongoja tetemeko la pili. Kilikuja, kifupi, kimoja. Akavuta tena, na mara hiyo hakikuja.

Mama alichukua zile sigara dirishani, akaenda nazo jikoni, kwenye makala yake.

"Unangoja nini?" Muzee aliniambia. "Pacha."

Nikauzungusha wa pili, mizunguko saba, uzi mmoja. Nilikata kikaratasi, nikashika kalamu, nikamuuliza niandike nini.

"Ju ya nini unaniuliza miye? Ni weye ulichagua."

Makopo nilipewa mimi, nikayabeba kwenda nyumbani kwetu siku hiyo, kwenye kitenge cha Mama, mgongoni, na watu njiani walinitazama. Mimi na makopo tulirudi kesho yake, na kesho iliyofuata. Pacha bado yuko kwenye msumari, kati ya Chai, Katindo na Nyama, kambini. Kikaratasi chake kinasema: Pumzi, Murara.